Ghorofa zinapanda, mabomba ni yale yale

Sisi wakazi wa Makadara, Mombasa, tumechoka. Maji yakija bombani huja usiku wa manane, kwa saa chache, na aliyelala amekosa. Mama anaamka saa nane, anafungua bomba, anasikia upepo tu. Asubuhi ananunua madumu ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, na mwisho wa mwezi bili inaletwa vilevile.

Asiyeweza kununua huteka kisimani. Maji ya visima vya huku yana chumvi: sabuni haitoi povu, na chai ukiitia maziwa inakatika jikoni.

Tunajua kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu yanatoka mbali, mengine kwenye chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, wakati watu walikuwa wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 hapa Mvita, na sisi wa Makadara na Mji wa Kale tumebanana kuliko wengi.

Lakini hili la majengo hatulikubali. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Leo inabomolewa, na kwenye kiwanja kilekile inapanda ghorofa tano, sita, kila mlango na choo chake. Kibali kinatoka. Bomba la maji halipanuliwi, la maji taka ndiyo kabisa. Basi mfuniko wa shimo unainuka kichochoroni, maji meusi yanafika vizingitini, na wazee wanaokwenda swala ya alfajiri wanapandisha kanzu wakitafuta jiwe la kukanyaga. Tukipiga simu tunaambiwa gari liko njiani. Siku zinapita, tunachangishana, tunamlipa kijana wa mtaani azibue kwa mikono, hata glavu hana. Hilo linatuuma kuliko pesa yenyewe, maana kijana huyo ni mtoto wetu.

Idi ikifika, watu wanatoka pande zote za mji kuleta watoto wao kwenye bembea za uwanja wa Makadara. Ni furaha yetu kuwapokea. Ni aibu yetu pia kuwapitisha kwenye uvundo ule na nguo zao mpya.

Hatuombi hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Wala hatupingi kujenga. Vijana wetu wanaoa, wanahitaji pa kukaa, na kodi imewashinda. Tunachotaka ni afisa anayetia saini kibali aje kwanza kichochoroni, afunue shimo, aone bomba linalotegemewa lina upana gani. Mwenye jengo naye achangie kulipanua kabla hajaweka mpangaji. Na ratiba ya mgao wa maji ibandikwe madukani na misikitini, tujue usiku wa kukesha ni upi.