Si Kibodi Iliyokataa

Limezuka siku hizi neno ambalo limekuwa kinga ya kila mvivu: "Linux imekataa." Mwalimu huletewa kibodi isiyotumia waya, huijaribu mara mbili, na isipoandika herufi hutoa hukumu kwamba mfumo huu haufai kwa shule zetu, na kwamba heri tununue ule wa kulipiwa. Sisi twaipinga hukumu hiyo, tena twaipinga tukiwa walimu wa lugha, kwa kuwa kosa lenyewe ni la lugha.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imekuwa na nyenzo za Bluetooth ndani ya kiini chake tangu mwaka 2001, nazo huitwa BlueZ. Kibodi za kawaida hazihitaji programu nyingine ya mtengenezaji. Zahitaji hatua zifuatwe. Mtu hufungua programu iitwayo bluetoothctl, huandika "power on", kisha "scan on" hali kibodi imewekwa tayari kutafutwa, mpaka anwani yake itokee. Hapo zafuata amri tatu, kila moja pamoja na anwani hiyo: "pair", "trust" na "connect".

Hapo ndipo somo huharibika. Mwanafunzi aliyekaririshwa maneno hayo huyadhani yote matatu kuwa ni kuunganisha tu, basi la katikati huliruka. Siku hiyo kibodi huandika vizuri. Kesho yake kompyuta ikiwashwa, kibodi ni bubu, na ile hukumu hutolewa. Lau angalielezwa kwa Kiswahili kwamba la kwanza ni kujuana, ambapo mara nyingi kompyuta huonyesha tarakimu 6 zipigwe kwenye kibodi yenyewe, zifuatiwe na kitufe cha Enter; kwamba la pili ni kuaminiwa, yaani kibodi kupewa ruhusa ya kurudi siku zote bila ya kubisha hodi; na la tatu ni kuunganishwa kwa wakati ule tu, asingaliruka kitu. Ni Mswahili gani asiyejua tofauti ya kumjua mtu na kumwamini?

Watatujibu kwamba amri zenyewe ni za Kiingereza, basi na somo liwe la Kiingereza. Hoja dhaifu hiyo. Gereji zetu zimejaa klachi, giaboksi na kabureta. Hata hivyo fundi humfundisha mwanagenzi wake kwa Kiswahili, na gari huenda.

Kuna na jambo la mpangilio wa herufi. Kwa wenzetu waliorithi kibodi za Kifaransa, kompyuta ikiwa imewekewa mpangilio wa Kimarekani, mtu akitaka kuandika "waziri" hupata "zqwiri", akaapa kwamba kibodi ni mbovu. Si mbovu; mpangilio ubadilishwe katika mipangilio ya kompyuta, basi. Na linalotugusa zaidi ni ritifaa. Upo mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa ambamo alama hiyo husubiri irabu ifuatayo ili iipandie kichwani: ng'ombe wetu hutoka "ngómbe"! Dawa ni kuchagua mpangilio wa Kimarekani wa kawaida. Jambo hili miongozo ya wageni hailitaji, maana waandishi wake hawana ng'ombe wa kuandika.

Twakiri moja tu, wasije wakatuita mashabiki. Diski iliyofungwa kwa nywila huidai nywila hiyo kabla ya Bluetooth kuamka, na hapo kibodi isiyo na waya kwa kawaida haisikilizwi. Kwa hiyo kila chumba cha kompyuta kiweke kabatini kibodi moja ya waya.

Basi twadai hivi: chama chetu kichape mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye amri hizo na maana zake, na ubandikwe ukutani katika kila shule yenye kompyuta za Linux kabla ya muhula ujao. Mpaka hapo, kamati yoyote ya shule isitoe hata senti moja kununua mfumo mwingine kwa sababu ya kibodi.