Wanaume, Maswali ya Kliniki Yatuhusu Pia

Mtoto akizaliwa na kasoro, hapa Nyakoe kama kwingine, mama ndiye huulizwa. Alikunywa nini? Alimeza dawa gani? Baba amekaa pale kando, kimya, na hakuna mtu anamuuliza kitu.

Wasee, tuache hiyo. Mbegu ya mwanaume huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Kwa hivyo ulichokunywa au kuvuta miezi miwili, mitatu kabla ya mimba kiko ndani ya hesabu. Moshi wa sigara huharibu vinasaba vya mbegu. Watafiti wa chuo cha Texas A&M, Marekani, waliwapa panya dume pombe kabla ya kuwapandisha. Watoto wao walizaliwa na sura zilizobadilika, na mama zao hawakuonja hata tone. Panya si binadamu, sawa, lakini huwezi tena kusema chang'aa yako ni shida ya ini lako peke yako.

Halafu kuna dawa za shamba. Sisi tunaouza ndizi tusikie hii: kule Costa Rica, wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waliwekewa dawa ya minyoo ya udongo inayoitwa DBCP. Maelfu wakabaki bila uwezo wa kuzaa. Hawakuwa walevi, walikuwa kazini tu. Hapa kwetu dawa ni zingine, lakini kijana bado anabeba pampu mgongoni bila glavu wala barakoa, kisha anaingia nyumbani na nguo zilezile na kubeba mtoto.

Hii si ruhusa ya kuanza kulaumu baba badala ya mama. Kasoro nyingi hazina wa kulaumiwa, na chanzo chake hakijulikani. Ninachosema ni kwamba mzigo ugawanywe.

Mnapanga mtoto? Weka chupa na sigara chini miezi mitatu kabla. Ukinyunyiza dawa, funika mwili, oga, badilisha nguo kabla ya kushika mtu. Na wahudumu wa kliniki, mwanaume akisindikiza mke wake, msimwache nje kwa benchi. Mwiteni ndani, mumuulize anafanya kazi gani, anakunywa nini, anavuta nini. Atajibu. Hajawahi tu kuulizwa.