Ukiokota Rozari, Tasbihi au Mala, Irudishe

Mchuma chai akiinama juu ya mche, kilicho shingoni huning'inia. Rozari ikinaswa na tawi, uzi hukatika, na mwenyewe hana habari mpaka jioni avue aproni ya plastiki. Atakayeikuta ni yule atakayepita mstari ule kesho.

Ndugu zangu wa Kericho na Bomet, ombi langu ni hili: usiitupe, wala usiichome ukidhani ni hirizi. Nasema hasa na sisi tuliolelewa katika makanisa yasiyotumia shanga, maana ndio tunaotishika upesi. Shanga hizi ni za kuhesabia sala, basi.

Kuzitambua si kazi. Yenye msalaba ni rozari ya Wakatoliki: punje 59, Salamu Maria 53 na Baba Yetu 6. Tasbihi ya Waislamu huwa na punje 99, au 33 zinazozungushwa mara tatu: Subhanallah, Alhamdulillahi, Allahu Akbar. Mala ya Wahindu ina 108 pamoja na punje ya kichwa, na wengi wakiifikia hiyo hawaivuki. Hugeuza wakarudi walikotoka. Masingasinga nao, baadhi yao, hushika mala.

Makanga, ikiokotwa chini ya kiti cha matatu, itundike ofisini pale steji ionekane. Wahudumu wa wodi, mgonjwa akihamishwa au akifariki, tazameni chini ya mto kabla ya kukunja shuka. Familia huulizia kitu hicho kuliko nguo. Walimu, mkipiga marufuku mapambo, ulizeni kwanza kabla ya kumvua mtoto. (Herini ni herini, rozari ni jambo jingine.)

Mwenyewe asipojulikana, ipelekwe kwa wenzake: Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, misheni ya Kaplong upande wa Bomet, au msikiti ulio karibu. Mala ipeleke hekaluni, au gurdwara ya Kericho, hekalu la Masingasinga linalomkumbuka kiongozi wao wa dini, Baba Puran Singh, aliyeishi mjini humu kabla ya kuhamia Uingereza. Usione haya kubisha hodi. Pale gurdwara mgeni hulishwa bila kuulizwa dini yake, na chakula hakina nyama. Vua viatu mlangoni, funika kichwa, kisha useme ulichokileta.