Nafasi ya Kwanza Si Lengo

Ndugu vijana, kila Septemba, shule zinapofunguliwa, watoto wa mitaa yetu huulizwa swali lile lile: «Mwaka huu utakuwa wa ngapi?» Mtoto hujibu, «Nitakuwa wa kwanza,» na wakubwa hushangilia wakidhani kwamba amejiwekea lengo. Hajajiwekea lengo lolote. Ametaja tamaa isiyoweza kutimia bila wenzake wote kubaki nyuma yake.

Tusidanganyane. Katika darasa la watoto hamsini, nafasi ya kwanza ni moja tu. Anayewaagiza wote hamsini waitafute amekwisha kuwatangazia arobaini na tisa kwamba watashindwa, hata kama wote wamejifunza mengi. Asilimia nayo haitoshi. Buletini yenye 48% yasema kwamba mtoto hakufikia nusu. Haisemi kama kilichomshinda ni kuzidisha, ni Kifaransa, au ni kuelewa swali lenyewe. Mtoto anayepewa hukumu ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka, pasipo kuonyeshwa pa kuanzia, huamua kwamba hana akili. Kisha siku moja harudi tena shuleni, nasi twasema alikuwa mvivu.

Lengo la kweli hutajwa na mtoto mwenyewe, ni dogo, lina siku yake, na laweza kuthibitishwa. «Kufikia Jumamosi ijayo nitazidisha kwa 7 bila kuhesabu vidole.» «Kabla mwezi haujaisha nitasoma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kifaransa, kisha nitaeleza kwa Kiswahili yaliyomo.» Malengo kama hayo hayamnyang'anyi mwenzake kitu. Watoto hamsini waweza kuyafikia siku moja.

Wapo watakaopinga: «ENAFEP na Exetat hazipimi malengo, zinahesabu alama.» Ni kweli, wala hakuna anayewaomba mdharau mitihani. Lakini alama hizo hutoka wapi, kama si katika mambo madogo ambayo mtoto aliyaweza moja baada ya jingine? Anayejua asichokijua hujiandaa. Anayejua nafasi yake tu hubaki na hofu.

Wengine watasema: «Hiyo ni kazi ya mwalimu.» Katiba ya mwaka 2006 iliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, na tangu Septemba 2019 ahadi hiyo ilipoanza kutekelezwa, watoto wengi waliingia shuleni. Lilikuwa jambo jema, lakini madarasa mengi yalifurika. Mwalimu aliyesimama mbele ya umati hawezi kumfuata kila mtoto hatua kwa hatua. Kijana wa mtaa mwenye watoto watatu au wanne anaweza.

Kazi yenyewe yahitaji daftari moja na kalamu. Mtoto aandike anachotaka kukiweza, siku aliyojipangia, na namna atakavyojizoeza. Siku ikifika, mjaribuni, naye aandike kwa mkono wake mwenyewe anachokiweza sasa. Asipofaulu, msimcheke wala msimchape. Mwulizeni: hatua ilikuwa ndefu mno, au njia haikufaa? Kisha apange upya.

Jihadharini na mambo mawili. Msimchagulie mtoto lengo, kwa kuwa lengo la kuagizwa hufuatwa mbele ya mwenye kuagiza tu. Wala msisome madaftari hayo mbele ya watu ili kuwalinganisha watoto, maana mtakuwa mmetunga buletini ya pili.

Basi, vijana, acheni kumwuliza mtoto atakuwa wa ngapi. Mwulizeni leo ni jambo gani angependa kuliweza ambalo bado linamshinda. Akishajibu, mpeni daftari, nanyi msikose kufika siku aliyoiandika.