Mnada wa blokucheni ujaribiwe na wakulima, si mafundi peke yao

Aprili 2022 picha za kidijitali zilizoitwa Akutars, kazi ya Mmarekani Micah Johnson, ziliuzwa kwa mnada uliofanyika ndani ya blokucheni ya Ethereum. Ulikuwa mnada wa kushuka. Bei ilianza etha 3.5, ikawa inapungua kidogo kidogo, na mwishowe kila mnunuzi alitakiwa kulipa bei ya chini kabisa iliyofikiwa. Waliotanguliza fedha zaidi ya hiyo walikuwa warudishiwe chenji yao, kisha waandaaji wachukue mauzo.

Chenji ilirudi. Mauzo hayakutoka mpaka leo. Etha 11,539, ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 34 za Marekani, zimekwama ndani ya programu iliyoendesha mnada huo. Kila mtu anaziona, wala hakuna awezaye kuzigusa.

Hakuna mwizi aliyezichukua. Waandishi wa programu waliweka sharti kwamba mauzo yasitolewe mpaka hesabu ya wanunuzi waliorudishiwa chenji ifikie hesabu ya picha zilizonunuliwa. Walichukulia kwamba kila mnunuzi atachukua picha moja. Kumbe wanunuzi walikuwa 3,669 na picha walizonunua 5,495. Hesabu ya kwanza haiwezi kuifikia ya pili hata isubiriwe miaka mia.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika mnada wa mazao angelibaini kosa hilo bila kujua kuandika programu. Mnunuzi mmoja kuondoka na loti mbili, tano au kumi ni jambo la kila mnada. Lingefanyika jaribio moja tu la mtu kununua picha mbili, na jaribio likaendelea mpaka muuzaji anapochukua fedha zake, kasoro ingeonekana siku hiyo hiyo.

Habari hii haiko mbali na wakulima wa Kusini kama inavyodhaniwa. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho za Tanzania zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, baada ya miaka mingi ya zabuni za masanduku. Mkulima ameshazoea kwamba bei inaweza kutoka kwenye kompyuta. Wapo wanaoona kuwa hatua inayofuata ni blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, ambalo likishaandikwa halifutiki.

Hoja yao ina uzito. Anayekumbuka malipo yaliyochelewa na makato ambayo hakuna aliyeyaeleza vizuri kwenye mkutano wa chama, hawezi kulidharau daftari lisilofutika. Dau la kila mnunuzi lingeonekana, na fedha zingeweza kugawanywa kwa programu mara tu mnunuzi anapolipa, bila kupita mikono sita.

Lakini kutofutika huko ndiko kunakolifanya jaribio la kabla ya uzinduzi kuwa kazi nzito kuliko lilivyozoeleka. Mfumo wa kawaida ukikosea, mwendeshaji anausimamisha, anarekebisha, mnada unarudiwa. Programu ya blokucheni iliyoandikwa bila mlango wa dharura haina mwendeshaji wa namna hiyo.

Ethereum Name Service, huduma inayotoa majina ya anwani katika blokucheni hiyo hiyo, ilikuwa na mlango huo. Ilianza mnada wake wa majina Machi 14, 2017, baada ya kuujaribu kwenye mtandao wa majaribio. Muda si mrefu zikagundulika kasoro mbili, mnada ukasitishwa, na ukaanza upya Mei 4 mwaka huo. Uliwezekana kusitishwa kwa sababu funguo za mfumo zilikuwa mikononi mwa watu saba, na wanne kati yao wakikubaliana wangeweza kubadili mambo. Wafuasi wakali wa teknolojia hii huona aibu kutaja funguo za namna hiyo. Hakuna aibu yoyote hapo. Mkulima anayeambiwa auze kwa mfumo huu aanze kwa kuuliza funguo ni ngapi, anazo nani, na je, chama chake cha msingi kina hata mmoja.

Mnada huo wa majina una funzo jingine. Dau lilifungwa kwa siri kwa siku tatu, kisha kila mzabuni alikuwa na siku mbili za kurudi na kulifunua. Aliyesahau alipoteza karibu dau lote. Katika mtandao wa majaribio kusahau hakuumi, kwa kuwa fedha za humo ni za bure, hazinunui hata kibiriti. Kwa hiyo jaribio la fedha bandia linaipima mashine. Halipimi uchoyo wa mnunuzi, wala usahaulifu wa katibu wa AMCOS ambaye simu yake imezimika chaji na umeme umekatika tangu jana.

Kubwa kuliko yote ni haki ya kukataa. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za wanunuzi mnadani. Yaliyofuata, hadi Serikali kutangaza Novemba kuwa itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, yamejadiliwa sana na hayana haja ya kurudiwa hapa. Lililo muhimu ni kwamba wakulima walikaa, wakazisikia bei, wakasema hapana, na korosho zikabaki ghalani.

Je, hiyo hapana itaandikwa wapi ndani ya programu? Mikataba mingi ya minada ya blokucheni hutoa bidhaa kwa mwenye dau kubwa saa inapofika, bila kumuuliza mtu. Kwa picha za kidijitali hilo halina madhara makubwa. Kwa mkulima aliyelima mwaka mzima, ni kunyang'anywa silaha pekee aliyobaki nayo mbele ya wanunuzi wanaofahamiana. Fundi wa Dar es Salaam hawezi kuikumbuka silaha hiyo kwa sababu hajawahi kuitumia, na hapo ndipo hoja ya kumkalisha mkulima kwenye jaribio inapopata nguvu.

Kuna pia mizani, ambayo hakuna blokucheni inayoijua. Kilo zilizopunjwa kwenye chama zitaingia daftarini zikiwa zimepunjwa, na humo zitakaa milele kama kweli.

Jaribio lenye maana basi lingechukua AMCOS moja, tani chache za korosho halisi na fedha halisi, na mnunuzi anayeruhusiwa kuchukua loti zaidi ya moja. Mnunuzi mmoja aambiwe kwa makusudi asilipe. Katibu apoteze neno lake la siri katikati ya mnada. Mkutano wa wakulima uikatae bei angalau mara moja, na wote waone kama korosho zinabaki kuwa zao. Kisha mtu asubiri mpaka shilingi ya mwisho iingie kwenye akaunti ya mkulima wa mwisho, kwa kuwa Akutars zilikwama kwenye hatua hiyo ya mwisho. Yote hayo yafanyike mapema kabla ya Oktoba. Minada ikishaanza hakuna katibu wa chama mwenye nafasi ya kujifunza kitu kipya, na meli za Mtwara hazisubiri.