Kilichomo Sandukuni: Ngamia wa Garissa na Tanzu za Fasihi ya Kiswahili

Mnamo Oktoba 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka maktaba yake ya Garissa. Ngamia wenyewe walikuwa watatu. Masanduku mawili ya mbao, yenye jumla ya vitabu vipatavyo 200, yalifungwa mgongoni. Hema na mikeka vikapakiwa pia, na msafara ukashika njia kuelekea shule na manyata ambako gari aghalabu hukwama mchangani. Walipofika, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, masanduku yakafunguliwa, na watoto wakaketi kusoma. Baadaye huduma hiyo ilienezwa hadi Wajir.

Habari za ngamia hao zimezunguka dunia nzima. Wageni wamewapiga picha, waandishi wa magazeti wamewasifu, na mwaka wa 2007 Mmarekani Masha Hamilton alichapisha riwaya nzima ya Kiingereza iliyojengwa juu ya kisa chao. Msomi wa Kiswahili ana haki ya kuona wivu kidogo. Hata hivyo, katika sifa hizo zote kuna swali moja ambalo huulizwa kwa nadra mno, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: sandukuni mna nini?

Swali hili si dogo. Mwanafunzi wa Nairobi anayeingia maktabani huweza kwenda kutafuta kamusi akatoka na diwani ya mashairi, kwa kuwa tu jicho lake liliangukia rafu ya jirani. Bahati ya namna hiyo haipo kwa mtoto aliyeketi chini ya hema. Yeye husoma kile ambacho mtu mwingine, mbali naye, alikwisha kuamua kwamba kinamfaa. Sanduku la vitabu 100 halina nafasi ya ajali. Uteuzi ndio maktaba yenyewe.

Na uteuzi huo umekuwa ukifanywa na nani? Kwa kiasi kikubwa umefanywa na wafadhili na mitihani. Mfadhili wa ng'ambo hutoa alicho nacho, nacho ni kitabu cha Kiingereza. Mfadhili wa nyumbani hutoa kile alichomaliza kukitumia, yaani kitabu cha kiada au kitabu teule ambacho zamu yake ya kutahiniwa imepita. Mzazi naye, ambaye pengine ameuza mbuzi ili mtoto asome, huuliza kitabu kitakacholeta alama. Hakuna wa kulaumiwa hapa. Mkutubi hawezi kuazimisha asichopewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Garissa, Wajir au Mandera huufikia utanzu mzima wa fasihi kupitia kitabu kimoja, akauchukulia kuwa ndio huo basi.

Mfano wa tamthilia unatosha. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya husoma tamthilia moja teule, riwaya moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi. Kwa miaka mingi tamthilia hiyo ilikuwa Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyochapishwa 2001, yenye mtawala dhalimu Bokono na nchi yake ya Butangi. Ikafuatwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege ya mwaka wa 2009, yenye meya asiyesikia kilio cha watu wa Cheneo. Mwaka wa 2018 ikashika zamu Kigogo ya Pauline Kea, yenye Majoka anayeitawala Sagamoyo kama shamba lake. Zote tatu ni kazi zinazostahili heshima. Hata hivyo, nyumba yenye kaka aliyesoma ya kwanza, dada aliyesoma ya pili na kitinda mimba aliyesoma ya tatu itaafikiana bila ubishi kwamba tamthilia maana yake ni mtawala mbaya anayepinduliwa na vijana wema. Ilipoingia Bembea ya Maisha, pia ya Arege, ikaleta masuala ya familia na ulezi, na hapo ndipo wengi walipoonjeshwa kwamba jukwaa lina mambo mengine.

Sasa na tulinganishe na kilichokuwepo tayari katika Kiswahili kabla ya vitabu hivyo vyote. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile mwaka wa 1969 juu ya vita vya Maji Maji. Miaka miwili baadaye akatoa Mashetani, ambamo marafiki wawili wanaanza kwa mchezo wa shetani na binadamu na kuishia kuugundua ufa wa kitabaka baina yao. Mwaka wa 1976 akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, michezo inayobebwa na msimulizi mmoja kwa mtindo wa ngano. Ni ajabu kwamba Ngao ya Jadi haitajwi kila panapozungumzwa shule zisizo na jukwaa wala pazia. Mchezo huo hauhitaji chochote ila mtu mmoja mwenye sauti na watu wanaojua kusikiliza, na Kaskazini Mashariki haikosi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Penina Muhando naye, katika Nguzo Mama ya 1982, aliwaonyesha wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo ya kijiji chao. Isomwe tamthilia hiyo miongoni mwa wafugaji wa Kisomali, ambao kwao wanawake ndio wajengao nyumba, wakaivunja na kuipakia mgongoni mwa ngamia wakati wa kuhama, kisha isikilizwe tafsiri itakayotoka humo. Hakuna mhadhiri anayeweza kuitabiri akiwa ofisini mwake.

Kwa upande wa riwaya orodha ni ndefu na haina haja ya kurefushwa hapa. Itoshe kusema kwamba msomaji aliyeshikwa na Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka wa 1960, hatangoja kuambiwa na mwalimu amalize sura. Na kwamba Walenisi ya Katama Mkangi ya 1995, inayomrusha mtu aliyehukumiwa kifo hadi nchi isiyo na ramani, ingemshangaza kijana anayedhani riwaya ya Kiswahili haitoki kijijini ila kwenda mjini kuharibika.

Kuna kosa lingine, nalo hutendwa na wale wenye nia njema kuliko wote. Huchukuliwa kwamba mtoto wa Kaskazini Mashariki hulifungua sanduku akiwa mtupu, kana kwamba tanzu ni mali anayoletewa. La hasha. Wasomali wana sifa ya kale ya kuwa taifa la washairi. Wana gabay, utungo mzito wa wanaume, na buraanbur, utungo wa wanawake. Kanuni yao ya arudhi ni kwamba sauti ile ile ya mwanzo wa neno hurudiwa katika kila mshororo, shairi zima. Mwanafunzi aliyekulia katika kanuni hiyo hana haja ya kufundishwa kuwa shairi lina sheria. Anahitaji tu kuambiwa kwamba Mswahili aliufunga mshororo kwa kina cha mwisho pale Msomali alipoufunga kwa sauti ya mwanzo. Somo zima la vina linaweza kufundishwa kwa saa moja kwa njia hiyo, nalo halitasahaulika.

Hali ni hiyo hiyo katika tamthilia. Msomali huuita mchezo wa jukwaani riwaayad. Neno hilo na riwaya ya Kiswahili yana asili moja ya Kiarabu yenye maana ya kusimulia, ila bahari moja ililitupa ukumbini na nyingine ikalitupa kitabuni. Mogadishu ya miaka ya 1960 ilikuwa na michezo iliyojaza kumbi. Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, juu ya laghai anayewahadaa wanawake kwa ndoa za uongo, ilichapishwa London mwaka wa 1974 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya fasihi linganishi ana hazina mlangoni pake: laghai huyo na wenzake wa tamthilia ya Kiswahili wanangoja kuketishwa pamoja.

Wala Kiswahili chenyewe si mgeni upande huo kama inavyodhaniwa. Kaunti ya Garissa inapakana na Lamu, na ni katika visiwa vya Lamu, kisiwani Pate, ambako Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka wa 1858. Mto Tana unaopita kando ya mji wa Garissa huingia baharini Kipini, na masimulizi ya pwani yanaliweka kaburi la Fumo Liyongo katika maeneo hayo hayo. Ndani ya utenzi wa Liyongo wenyewe wamo Wagala, wafugaji wa bara, wanaomwona shujaa na kutamani mbegu yake ichanganyike na yao. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi huandika katika insha kwamba Mgala muue na haki umpe, bila kuuliza Mgala huyo ni nani. Ni jina ambalo Waoromo hawalipendi, na Waorma, walio jamaa zao, wangali wanachunga ng'ombe kandokando ya Tana. Mtoto wa huko akiisoma methali hiyo hawezi kupita haraka kama apitavyo mwenzake wa Nyeri. Ni nani basi mwenye haki zaidi ya kuupata utenzi huo sandukuni?

Jambo hili lingekuwa la starehe tu kama walimu wangekuwepo. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Walionusurika wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na chuo hakikufunguliwa tena hadi Januari 2016. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa. Baada ya kila pigo walimu wasio wenyeji waliondoka au wakahamishwa, na miongoni mwao wamo walimu wa Kiswahili. Nani atawalaumu kwa kuzipenda roho zao? Lakini darasa walilolihama halikufungwa. Mtoto alibaki na kitabu, na kitabu kikawa mwalimu. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, wamo pia wanafunzi wanaofuata mtaala wa Kenya na kuufanya mtihani wa Kiswahili huku wakiisikia lugha hiyo kwa nadra nje ya darasa. Kwa wanafunzi wa aina hii, kumpa mtu tamthilia moja kwa miaka minne ni kama kumfundisha lugha kwa sentensi moja.

Wapo watakaopinga. Wengine watasema riwaya na tamthilia za Kiswahili zina maneno na mahusiano yasiyofaa katika jamii ya Kiislamu. Hoja hiyo ina uzito na haifai kuchekwa. Si kila kitabu ni cha kila umri, na mkutubi mwenyeji anajua mpaka uko wapi kuliko mwalimu wa Nairobi. Lakini fasihi ya Kiswahili ilianza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu waliofungua tungo zao kwa bismillahi. Mzazi akioneshwa utendi kabla ya riwaya, ataliona sanduku kwa jicho lingine. Wengine watasema mtihani kwanza. Hawa wasome tena karatasi ya tatu ya Kiswahili: ndani yake mna ushairi na fasihi simulizi, na maswali hayo hayajibiwi kwa kukariri kitabu teule. Aliyezoea mashairi 50 hatishwi na la 51.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimezoea makongamano, kanga na mijadala juu ya hatima ya lugha, na hapana ubaya. Aghalabu vimekusanya vitabu pia, lakini mkusanyo huo umekuwa wa kupunguza uzito makabatini: vitabu visivyo na jalada, vilivyopigiwa mistari ya wino, vya mtihani uliopita. Inapasa kazi hii ifanywe kinyume. Kamati ya wanafunzi na mhadhiri wao ikae, iteue vitabu kabla ya kuomba fedha, iandikiane na wakutubi na walimu wa Garissa kuuliza ni vipi vilivyosomwa hadi vikachakaa na vipi vilivyorudi safi, kisha inunue kulingana na majibu hayo. Tamthilia zinunuliwe nakala sita za kitabu kimoja, si kitabu kimoja kimoja, maana mchezo hausomwi na mtu peke yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa waongoze, si kwa kuhurumiwa, bali kwa kuwa wao ndio walio karibu na njia.

Na ikiwa sanduku ni la vitabu 100, vya kiada visizidi 40. Sitini vilivyobaki viwe tamthilia, diwani, tenzi, hadithi fupi na riwaya za kila namna, pamoja na daftari tupu mbili au tatu za mtoto anayetaka kuandika gabay ya bibi yake na tafsiri yake ya Kiswahili pembeni. Daftari hizo zirudishwe pamoja na vitabu, na chama kiombe kuzisoma.