GPS ikipotea mangaribi, kosa ni ya nani?

Katika makariere ya wazi ya Lualaba na Haut-Katanga, mashini za kutoboa mawe na mabuldoza hazitembezwe tena na jicho la mtu peke yake. GPS njo inaonyesha tundu litobolewe wapi, kwa hesabu ya santimetre. Sasa ikipotea saa moja ya usiku, nani anaandikiwa barua ya kuomba maelezo? Mara nyingi ni yule aliyekuwa ndani ya kabini.

Tuangalie kule juu. Kuanzia kilometre 60 hivi na kupanda, mwanga mkali wa jua unang'oa elektroni katika hewa. Njo ile wanaita ionosfere. Mchana inajaa, usiku inapunguka. Wazee wa foni wanajua hii bila kusoma: mchana unaita kwa frekansi ya juu, usiku unashuka. Alama ya GPS inatoka kilometre 20 000, lazima ipite mule, na elektroni zinaichelewesha. Kuchelewa kwa kawaida, stasyo ya pale chini inaweza kusahihisha.

Shida kwetu watu wa tropiki ni kiisha jua kuzama. Ionosfere inapanda, inapasuka, inafanya mapovu makubwa yenye elektroni chache. Alama ikipita mule inayumba kama nyota inavyometameta, na mashini inapoteza satelite. Ni tangu mangaribi mpaka karibu usiku wa manane, zaidi Machi-Aprili na Septemba-Oktoba, na zaidi tena jua likiwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Oktoba 2024, NASA na NOAA za Marekani zilitangaza kama tumefika kwenye kilele. Lakini dhoruba hazikatike siku ileile: zile kubwa za Oktoba 2003 zilikuja kilele kimekwisha kupita.

Tarehe 10 Mei 2024, dhoruba ya kiwango cha juu kabisa, G5, ilivuruga GPS ya matrakta kule Marekani, wakulima wakiwa katika kupanda. Sikusikia mtu akiwaita wavivu.

Tusidanganyane: si kila hitilafu ni ya jua. Hata dhoruba yenyewe, kufuatana na saa inayopigia, inaweza kuongeza mapovu ao kuyazuia. Kwa hiyo delege wa sindika aombe karatasi, asibishane na mdomo. Kama mashini tatu zimepoteza satelite saa moja, mangaribi moja, kosa si ya dereva. Kama ni moja tu, waangalie antene na kable. Memwari ya mashini iwekwe ndani ya dosye mbele ya azabu yoyote. SANSA, kule Afrika ya Kusini, inatoa habari za hali ya jua. Shefu wa topografi azisome kwa ekipe mbele ya kuanza kazi. Na GPS ikianza kuruka karibu na ukingo wa kariere, dereva awe na haki ya kusimamisha mashini bila kukatwa mshahara.